Duara Pana la Grime's Graves

Mchimbaji mdogo hahitaji mhandisi wa kumwambia kwamba kifusi hakina mnunuzi. Kila ndoo inayopanda juu bila mali ndani yake ni jasho la bure, kwa hiyo duara, yaani shimo la kushukia mgodini, huchimbwa jembamba, la kumtosha mtu na ndoo yake, na kutanuliwa huko chini tu mali inapoonekana. Ndiyo maana mgodi wa kale wa jiwe la gumegume wa Grime's Graves, katika mkoa wa Norfolk mashariki mwa Uingereza, nautazama kwanza kwa jicho la mchimbaji, mambo ya makumbusho baadaye. Watu waliofanya kazi pale kuanzia mwaka 2650 KK hivi, bila chuma wala baruti, walitoboa maduara yenye mdomo wa mita 12 na kina kinachokaribia hicho hicho. Makadirio yanayotumika kuwaeleza wageni wa eneo hilo yanasema duara kubwa moja lilihitaji kutolewa tani 2,000 za chaki. Mali iliyopatikana ni tani 60 za jiwe kwa makadirio ya juu kabisa, na wapo wachimbuaji wa mambo ya kale wanaoamini ilikuwa pungufu sana ya hapo.

Yaani tani 33 za kifusi kwa tani moja ya mali, ukipendelea kuwa mkarimu. Mchimbaji mdogo angetupa sururu na kurudi nyumbani. Hawa hawakurudi. Walichimba duara baada ya duara hadi yakafika 433 kwa hesabu ya mabonde yanayoonekana na yaliyofichika chini ya udongo. Wanaoandika juu ya mgodi huu huwa wanapita haraka mno kwenye swali la upana na kukimbilia swali la dini au la biashara, na mimi naona upana ndio unaoeleza zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu mali yenyewe. Gumegume ni jiwe gumu linalopasuka na kuacha ukingo mkali wa kukata nyama, na likigongwa na chuma hutoa cheche, ndiyo maana lilikaa kwenye mitambo ya bunduki za zamani. Hupatikana ndani ya chaki, ule mwamba mweupe laini uliotuama chini ya bahari enzi za dinosaria. Norfolk chaki imefunikwa na mchanga na udongo ulioachwa na barafu ya kale, na ndani yake gumegume imejipanga kwa matabaka. Wachimbaji wa karne za karibuni wa mji jirani wa Brandon waliyapa majina: jiwe la juu, jiwe la ukutani, na chini kabisa jiwe la sakafu. Hilo la sakafu ndilo lililotafutwa. Ni jeusi, ni la vipande vikubwa bapa, na halina nyufa nyingi za baridi kama mawe yaliyokaa karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo fundi akiligonga linafuata mkono wake.

Ukifika leo utakuta uwanja wa nyasi wenye mabonde mviringo yaliyopangana kama mashimo ya bao, na msitu wa misonobari kwa mbali. Duara mojawapo, linaloitwa Shimo namba 1, lipo wazi kwa wageni, nao hushuka mita tisa hadi kwenye sakafu ambayo vijia vya chini vinaanzia. Ukipitia uwanja huo kuelekea kaskazini-magharibi, tabaka la sakafu linapanda karibu na uso, na huko mashimo ni mafupi, ya mita tatu au nne, hayana vijia. Upande wa pili, lile tabaka linapozama, ndiko yaliko maduara makubwa. Hilo peke yake linatuambia walilijua tabaka lao na kulifuata kila lilikokwenda.

Kazi yenyewe ilianza mbali na shimo, na miezi kabla yake. Sururu yao ilikuwa pembe ya kulungu mwekundu wa Ulaya, mnyama ambaye dume lake hudondosha pembe kila mwaka mwishoni mwa majira ya baridi na kuota nyingine. Pembe nyingi zilizopatikana mgodini ni za kudondoka, hazikukatwa kwenye mnyama aliyewindwa. Tatizo ni kwamba pembe iliyodondoka haikai msituni ikikusubiri, maana kulungu wenyewe huzitafuna kwa ajili ya madini yake. Lazima mtu awe anapita porini wiki zile zile, anaokota, anabeba, anaweka akiba. Wataalamu wamekadiria kwamba duara kubwa lilikula pembe kati ya 100 na 150. Zidisha kwa mamia ya maduara uone ni mazoea gani ya vizazi na vizazi tunayoyazungumzia: watu waliojua makundi ya kulungu yanalala wapi, na walioyaacha madume makubwa yaishi kwa sababu pembe kubwa ndiyo sururu nzuri.

Shika sururu hiyo mkononi uone ilivyotengenezwa. Matawi yote yameondolewa isipokuwa lile la kwanza karibu na paji, ambalo limeachwa liwe ncha. Shina la pembe ndilo mpini. Kitako chake, pale pembe ilipokuwa imeshikana na fuvu, kwenye nyingi kimepondekapondeka. Mponde huo unaonyesha matumizi: ncha ilichomekwa kwenye ufa wa chaki, kitako kikagongwa kwa jiwe kama mtu anayepigilia patasi, kisha mpini ukatumika kubanjua bonge zima la mwamba. Ulikuwa ufundi wa kusoma nyufa, na nguvu za mikono zilifuata baadaye. Zipo pia alama kwenye kuta za mapango ambazo pembe haiwezi kuziacha, ni za shoka la jiwe. Kasisi William Greenwell wa Durham, aliyefukua duara moja kati ya 1868 na 1870 na kuthibitisha kwamba mabonde yale ni migodi wala si mabaki ya kijiji au kambi ya vita, aliliona shoka lenyewe ndani, la mwamba mgumu usiotoka katika chaki.

Ni Greenwell huyo huyo aliyekuta jambo ambalo kila mwandishi wa mgodi huu hulirudia, na mimi sitakuwa wa kwanza kuliacha. Katika kijia kimoja paa lilikuwa limeshuka na kuziba mlango. Nyuma ya kifusi hicho alikuta sururu mbili za pembe zimelazwa chini, na pale mbele jiwe la sakafu lililokwisha kuanza kung'olewa. Vumbi la chaki lililokuwa limeganda kwenye mpini lilikuwa bado na alama za vidole vya mtu. Kwa maoni yangu, thamani ya vidole hivyo haiko katika kutusisimua. Iko katika kutuonyesha kwamba zana ziliachwa zikiwa nzima, mahali pa kazi, na mtu aliyekusudia kuendelea. Paa lilishuka alipokuwa hayupo.

Sasa tushuke kwenye vijia. Duara likifika sakafu, watu walipanua njia pande zote wakifuata tabaka, njia za kutambaa, nyingi hazifiki kimo cha mita moja na nusu na nyingine ni chini ya mita moja. Waliacha nguzo za chaki kati ya njia na njia, ili paa lisiwaangukie. Matimba ya kuegemezea paa hakuna. Mwanga uliingia kwa mdomo wa duara, na chaki nyeupe ilisaidia kuurusha hadi hatua kadhaa ndani. Vipo vikombe vidogo vya chaki vilivyochimbwa katikati ambavyo wengi wanavichukulia kuwa taa za mafuta ya mnyama. Na jambo ambalo kwangu ndilo la akili kuliko yote: kifusi cha kijia kipya hakikupandishwa juu, kilishindiliwa kwenye kijia kilichokwisha mali. Hata duara zima likiisha lilijazwa, sehemu kubwa kwa chaki ya duara jirani. Huo ni uchimbaji wenye mpangilio, ambao ukiacha tu kujua jirani yako alichimba wapi mwaka jana, unajikuta umetokea kwenye pango tupu au umeangukiwa.

Kwa hiyo watu hawa waliijua hesabu ya kifusi. Walibana kila ndoo huko chini. Iweje basi huko juu wafungue mdomo wa mita 12?

Jibu la haraka ni mchanga. Tabaka la juu lile ni legevu, ukichimba wima linamwagika, lazima ulaze kingo. Nalikubali jibu hilo kwa mita mbili tatu za mwanzo. Halielezi kwa nini duara linaendelea kuwa pana ndani ya chaki yenyewe, ambayo husimama wima bila shida. Na tunao mfano wa kulinganisha ambao hauhitaji kukisia. Karne ya 19, umbali wa kilomita chache, wachimbaji wa Brandon walikuwa wakifuata jiwe la sakafu lile lile katika machimbo ya Lingheath ili kutengeneza gumegume za bunduki. Vita vya Napoleon viliwapa soko kubwa, na jeshi lilipoacha bunduki za aina hiyo, wateja waliobaki walikuwa wengi wao Afrika, hasa pwani ya magharibi, ambako bunduki za gumegume ziliendelea kutumika hadi karne ya 20. Mchimbaji wa Lingheath alifanya kazi peke yake. Duara lake lilikuwa la kumpitisha yeye tu, limekatwa kwa vidato vinavyopinda kushoto na kulia, na mawe aliyapandisha mwenyewe kutoka kidato kimoja hadi kingine. Hakuwa na ngazi wala kapi.

Mwaka 1879 mtaalamu wa jiolojia Sydney Skertchly aliandika kuhusu mafundi hao wa Brandon, akaona sururu yao ya chuma yenye ncha upande mmoja inavyofanana na ile ya pembe, akahitimisha kwamba ufundi ulirithishwa bila kukatika tangu Zama za Mawe. Ni wazo tamu na si la kweli; kati ya hao na hao kuna pengo la miaka elfu kadhaa. Lakini hata bila kujua tarehe, tofauti ya maduara ingetosha kumshtua. Zana zinaweza kufanana kwa sababu mwamba ni ule ule. Ila duara moja ni la mtu mmoja anayelipwa kwa mzigo wa mawe, na lingine haliwezi kuwa la mtu mmoja hata kidogo.

Mtu atasema, yule wa Lingheath alikuwa na chuma. Sawa. Basi twende Spiennes, karibu na Mons nchini Ubelgiji, machimbo ya gumegume yaliyoanza zaidi ya miaka 1,500 kabla ya Grime's Graves na yanayotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2000. Huko hapakuwa na chuma pia, na bado maduara mengi yana upana wa mita moja hivi, na mengine yanashuka hadi mita 16. Watu wa Zama za Mawe waliweza kuchimba jembamba walipotaka. Wa Norfolk hawakutaka.

Sababu ya kutotaka ndiyo inayobishaniwa. Mimi naianza na hesabu ya watu. Makadirio yale yale ya tani 2,000 yanasema watu 20 kwa miezi mitano. Ukigawanya, kila mmoja anahusika na kilo mia sita na kitu kwa siku, ikiwa ni kuchimba, kubeba, na kupandisha. Si kazi ya kuua mtu, ni kazi ya kuzoeleka. Duara pana linawaingiza watu wengi kwa mpigo, wanaochimba na wanaopokea, ngazi zinapata mlalo mzuri, na mwanga unafika. Duara jembamba lina nafasi ya mmoja chini na mmoja juu, kumi na wanane waliobaki wanakaa nyasini. Mtu anayepanga kazi kwa ajili ya mali hupunguza kifusi kwanza, kisha hutafuta watu wa kutosha. Hapa inaonekana watu walikuwepo kwanza, na shimo likachimbwa la kuwatosha.

Chukua sasa hesabu ya pili, ambayo nashangaa haiandikwi kwa herufi kubwa kila mahali mgodi huu unapotajwa. Maduara 433. Uchimbaji ulidumu karne tano hivi ukihesabu yote, lakini tuwe wabahili tuseme karne tatu tu. Hiyo ni duara moja na nusu kwa mwaka. Ukiyagawa kwa karne tano, haifiki hata moja. Yale mabonde yanayojaza macho ya mgeni na kumfanya aone umati wa wachimbaji waliotapakaa uwanja mzima ni kazi ya kundi moja au mawili, msimu mmoja kila mwaka, watu ambao muda wao uliobaki walikuwa wakifuga na kulima kwingineko.

Ndipo neno kiwanda, ambalo limetawala maelezo ya Grime's Graves tangu enzi za Greenwell, linapoanza kunikera. Waingereza wa karne ya 19 waliishi katikati ya migodi ya makaa ya mawe, wakashuka kwenye duara la kale na kujiona wenyewe: uzalishaji, shoka za kuuza, mtandao wa usambazaji. Lakini gumegume iko tele uso wa nchi ile. Kwa kukata nyama, kukwangua ngozi au kutoboa, hukuhitaji kushuka mita 12. Hata shoka, nyingi ya kazi zake zingefanywa na jiwe la juu. Tena wao walilipita jiwe la juu na la ukutani wakishuka, wakalikata na kulipita, mali iliyokuwa tayari mkononi. Kiwanda hakifanyi hivyo.

Kuna upande wa pili ambao pia siuamini sana. Kila kisichoelezeka kwa tumbo hukabidhiwa kwa mizimu. Mwaka 1939, A. Leslie Armstrong, aliyekuwa amechimbua pale kwa miaka mingi, alitangaza kwamba katika Shimo namba 15 amekuta sanamu ya chaki ya mwanamke mnene, imeketi mbele ya kitu kilichofanana na madhabahu. Duara hilo halikuwa na mawe mengi mazuri, kwa hiyo hadithi ikajisuka: wachimbaji wamekosa mali, wakamwomba mama wa ardhi. Sanamu iko Makumbusho ya Uingereza hadi leo, na wataalamu wengi wanaishuku kuwa ya kughushi. Haifanani na chochote cha wakati wake Uingereza, mikato yake inaonekana mipya, na kumbukumbu za uchimbuaji kuhusu siku ile ni dhaifu mno kwa kitu cha uzito huo. Nani aliichonga si hoja yangu. Hoja yangu ni jinsi ilivyopokelewa kwa mikono miwili, kwa sababu ilijibu swali ambalo hesabu ya kiwanda ilishindwa kulijibu.

Sisemi kwamba wale watu hawakuwa na dini, wala kwamba hawakuomba kabla ya kushuka. Nani hushuka shimoni bila kuomba? Nasema jibu la karibu zaidi liko kwenye ujima, yaani watu kufanya kazi kwa pamoja. Jamii ya wafugaji na wakulima waliotawanyika, wasio na mji wala mfalme tunayeweza kumwonyesha kwa kidole, inahitaji mahali pa kukutana na jambo la kufanya pamoja. Ni kipindi kile kile watu wa kusini mwa nchi hiyo waliposimamisha mawe makubwa ya Stonehenge, kazi nyingine isiyoeleweka ukiitafutia faida ya mtu mmoja mmoja. Huku Norfolk hakuna mawe ya kusimamisha. Kuna duara la kushukia. Vijana wanaopimwa pale kwa ujasiri, wachumba wanaoonana, wazee wanaojua tabaka linapozama, na mwisho wa msimu kila familia inaondoka na jiwe jeusi ambalo kila mtu akiliona anajua lilipatikanaje.

Mfano mwingine wa kupita mawe ya karibu unapatikana Kenya. Juu ya Mlima Eburru, karibu na Ziwa Naivasha, kuna machimbo ya obsidiani, kioo cha volkeno cha rangi ya kijani, ambako wafugaji wa utamaduni wa Elmenteita walichukua jiwe lao kwa zaidi ya miaka elfu moja. Obsidiani ipo sehemu nyingi za Bonde la Ufa, nyingine rahisi kufikiwa kuliko mlima ule. Bado jiwe la Eburru lilibebwa hadi kilomita 250, kuelekea Ziwa Viktoria, likapita watu wenye mawe yao. Aliyekuwa na jiwe lile alikuwa na ndugu wa kumletea. Ukiuliza bei tu, hutaelewa.

Hoja yangu ina udhaifu mmoja ninaouona mwenyewe: ujima hauachi alama kama vidole kwenye vumbi. Lakini yanayofuata baada ya mgodi kufungwa yananipa moyo. Karne kadhaa baadaye, katikati ya Zama za Shaba Nyeusi, watu waliishi pale pale kando ya mabonde. Walitupa taka zao ndani ya maduara ambayo yalikuwa hayajajaa hadi juu, na taka hizo zimefukuliwa: vyungu, vipande vya kalibu za udongo za kumiminia vichwa vya mikuki ya shaba nyeusi, na mifupa ya ng'ombe wengi, ndama wakiwa wengi mno kiasi kwamba wachambuzi wanaona ni mifugo ya maziwa. Katikati ya hayo yote yapo mawe ya gumegume, maelfu, yaliyochongwa wakati huo huo wa shaba nyeusi kwa kazi za kila siku za nyumbani, na yametoka kwenye mabaki yaliyozagaa juu ya ardhi tangu enzi za wachimbaji.

Watu hao walikuwa bado wanalihitaji jiwe, na tabaka la sakafu lilikuwa bado chini ya miguu yao, sehemu kubwa haijaguswa. Walikuwa na zana bora kuliko pembe. Hawakuchimba hata duara moja kubwa la aina ile, kwa sababu mabaki ya juu yaliwatosha kwa kazi zao, kama ambavyo mawe ya juu yangeweza kuwatosha waliowatangulia.